Maswali Kumi na Manne na Spana Moja

Mama watoto alimpekua mumewe mlangoni bila huruma. Alitoa koleo mkobani, akatoa msumeno wa kukatia mabomba, akatoa roli mbili za tepu nyeupe, akavipanga vyote mezani. "Unakwenda chuo kikuu kuuliza maswali," alimwambia. "Hujaitwa kazini. Usiguse kitu cha watu." Fundi akaitikia "sawa mama" kwa unyenyekevu ambao mke yeyote wa miaka ishirini na sita ya ndoa angeutilia shaka. Lakini mama huyu ni muuguzi, zamu ya alfajiri ilikuwa inamsubiri, na haraka haraka haina baraka. Mfuko wa ndani wa koti hakuugusa.

"Moja tu," Fundi alijitetea kwenye basi, koti lake la suti limeinama upande wa kushoto kwa uzito wa spana. "Tena ndogo."

"Baba, uliahidi."

"Niliahidi sitagusa. Sikuahidi sitabeba."

Binti akatingisha kichwa, akarudi kwenye daftari lake. Humo mlikuwa na maswali kumi na manne, aliyoyaandika kwa wiki tatu, akafuta, akaandika tena. Huyu ndiye kitindamimba. Kaka zake watatu walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja na maisha yake, wanapiga simu sikukuu. Binti ndiye aliyebaki nyumbani, na tangu akiwa na miaka minane ndiye aliyemfuata Fundi kwenye kazi zake, akimshikia tochi chini ya masinki ya watu. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, safari ya saa sita kutoka kwao. Ilibaki fomu moja tu yenye sahihi ya mzazi, na ilitakiwa dirishani kwa msajili siku hiyohiyo kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine aliye kwenye foleni.

Na sahihi Fundi alikuwa hajatia. "Mimi sitii sahihi kitu ambacho sijakikagua," alisema tangu barua ilipofika. "Nikaridhike kwanza."

Maneno ya hekima hayo, si ndiyo? Basi nawaambia ukweli ambao yeye hakumwambia mtu: alikuwa ameshaamua kwamba hataridhika. Dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwake kulikuwa na chuo kidogo kinachofundisha mambo ya ofisi, kupanga mafaili na kupokea simu, na kwa wiki tatu Fundi alikuwa akilisifia geti la chuo kile. Geti! Kwamba halipigi kelele likifunguliwa. Safari hii alikwenda kutafuta kasoro, na mtu aliyetoboa na kuziba mabomba maisha yake yote, kasoro hakosi.

Walifika saa tano na nusu. Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi na watoto wao, kila mzazi ametulia kwa adabu ya mtu asiyejua bei. Mbele alisimama afisa uhusiano, kijana wa tai nyekundu na tabasamu lisilopumzika hata alipokunywa maji. Alisema chuo kina wahadhiri waliobobea, mazingira tulivu, na maono. Maono aliyataja mara sita. Fundi alihesabu kwa vidole.

"Sasa maswali," afisa alisema. "Msione haya. Hakuna swali la kijinga."

Huyo hakuwa anamjua Fundi. Binti alikuwa ameshanyoosha mkono, daftari kifuani, lakini baba yake alikuwa amekwisha kusimama.

"Choo kiko wapi?"

Watu wakacheka chinichini. Afisa, kwa upole wote, akamwonyesha mlango wa kulia.

"Sijabanwa," Fundi alisema. "Nataka kukikagua."

Binti alitazama sakafu akitafuta pa kuzama. Ukumbi mzima uligeuka, na mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Fundi hakujali. Imani yake ilikuwa hii, na alikuwa tayari kuihubiri popote: sebule ni ya wageni, na mtu akitaka kukudanganya atakudanganya sebuleni, kwa mazulia na maua ya plastiki. Choo hakijui kudanganya. Ingia choo cha mtu dakika mbili, utajua kama analipa wafanyakazi wake na kama anasikilizana na mkewe.

Afisa akawapeleka, tabasamu limeanza kuchoka. Choo kilikuwa cheupe, kinanukia maua. Fundi akavuta maji, akainamisha kichwa, akasikiliza yanavyoshuka mpaka tone la mwisho.

"Hiki ni cha wageni," alitoa hukumu. "Mimi nataka cha siku zote."

"Cha siku zote kiko kwenye ukarabati, mzee."

"Andika," Fundi alimwambia binti yake.

Binti hakuandika. Alipiga moyo konde akamgeukia afisa. "Samahani kaka, na mimi nina swali. Katika wanaoanza uhandisi wa maji, wangapi huwa hawamalizi?"

"Swali zuri sana!" Afisa alifurahi kupita kiasi, akampa kipeperushi chenye picha ya mwanafunzi anayeichekea kompyuta.

Fundi alimvuta binti pembeni. "Mtu akikuambia swali zuri sana, jua jibu hana. Mteja akiniuliza kwa nini bomba nililofunga jana linavuja leo, namjibu hivyohivyo."

Afisa alikuwa na wageni mia mbili na subira ya mgeni mmoja. Akamwita msichana mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa akipita na ndoo, akamwambia awatembeze hawa wawili popote watakapo, hasa mbali. Msichana yule, kwa kuwa ndoo ilikuwa yake na muda ulikuwa wake, hakuwa na sababu ya kumpamba mtu.

"Shikamoo mzee. Karibu mdogo wangu. Unataka kujua nini?"

Binti akarudia swali lake.

"Tulianza ishirini na wanane, tumebaki kumi na tisa," dada wa mwaka wa tatu alisema huku wakitembea. "Wanne hesabu ziliwashinda. Watatu walikosa ada. Mmoja aliolewa. Mmoja bado tunamtafuta. Hesabu za mwaka wa kwanza ni moto, usije ukadanganywa. Anza kujisomea sasa hivi."

"Na wahadhiri wanaingia darasani?"

"Wanaingia. Yupo mmoja haingii, nitakutajia tukishapita dirisha lake."

Wakapita dirisha, akamtaja. Binti akaandika. Akauliza maabara inafunguliwa saa ngapi, akaambiwa ufunguo anao mzee mmoja anayelala sana mchana, lakini ukimsalimia vizuri anakuachia mpaka jioni. Akauliza mtu akiugua anapelekwa wapi. Akauliza wasichana ni wangapi darasani, akajibiwa watano, na kwamba wavulana walijaribu kuwapa kazi ya kuandika ripoti tu, wakakoma. Binti aliandika mpaka kalamu ikapata moto. Na hapo ndipo Fundi alipoanza kuingiwa na wasiwasi, maana kila jibu lilikuwa baya, na kila jibu baya lilimfanya mtoto azidi kung'aa. Watu wa namna gani hawa? Yeye alikuja kutafuta kasoro, na hapa wanamgawia bure, na mtoto anazipokea kama zawadi!

Akatoa swali lake kubwa. "Na maji je? Yanatoka kila siku?"

"Jumatatu na Alhamisi, mzee."

Fundi alisimama katikati ya njia. Furaha aliyoipata siwezi kuieleza. "Jumatatu na Alhamisi! Chuo kinachofundisha maji, hakina maji! Andika, mama, andika kwa wino mwekundu! Makubwa haya! Ni sawasawa na kinyozi mwenye chawa!"

"Leo ni Alhamisi," dada alisema. "Leo yapo."

"Baba," binti alisema, "si ndiyo maana watu wanakuja kusomea?"

"Kwanza wangejisomea wao!"

Ilikuwa saa tisa na robo. Kasoro ilikuwa imepatikana, kubwa, yenye mashahidi. Kilichobaki ni kusema twende nyumbani, na Fundi alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme. Walikuwa wamesimama kwenye korido ya jengo la zamani, maabara huku, bweni la wavulana juu yake. Ndipo akasikia.

To. To. To.

Koki ya ukutani, hatua nne tu kutoka alipo, ilikuwa inadondosha.

"Baba, hapana," binti alisema, maana anamfahamu.

"Natazama tu."

"Baba, mkono wako uko ndani ya koti."

Tusimlaumu sana. Mlevi unampitisha mbele ya baa ukitegemea nini? Mpira wa koki ile ulikuwa umekufa, mtu yeyote angeuona, kazi ya dakika tatu. Ila huwezi kufungua koki kabla hujafunga maji yenyewe, na koki kuu haikuonekana popote. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini wahenga hawakuwa mafundi bomba. Fundi bomba wa enzi za jengo lile hakupenda kuinama hata kidogo. Koki kuu aliiweka usawa wa kiuno, nyuma ya ngazi, mkono wa kushoto, akaifunika kwa kibao ili isiharibu sura ya ukuta. Fundi alipapasa juu ya rangi, akagonga, akasikia pako wazi, akakibandua kibao kwa ncha ya spana. Koki kuu hiyo hapo. Akaizungusha mpaka mwisho.

Mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Nyuma ya jengo, kundi la watu lilipiga vigelegele. Na juu, kwenye bweni, palizuka kilio.

Nilishawaambia ilikuwa Alhamisi. Wavulana wote wa bweni lile walikuwa bafuni, wakioga deni la tangu Jumatatu, na wote walikuwa wamefikia kwenye sabuni. "Majiii!" walilia. "Nani kafunga majiii!" Mmoja alitokeza kichwa dirishani, povu tupu, macho kayafumba, akawatukana watu asiowaona.

Wale wa vigelegele nao wakaja mbio kutoka nyuma, wanafunzi kama wanane wenye daftari na saa za mkononi. Mbele yao alikuwa mama mmoja mfupi, mabuti ya mpira miguuni, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa mhadhiri wa mabomba. Tangu asubuhi walikuwa wanapima maji yanayopotelea ardhini, na ghafla mita ilisimama kabisa. Wanafunzi wakadhani wametibu uvujaji wa miaka kumi na tano kwa kuutazama tu. Mama yeye hakudhani hivyo.

"Nani amefunga maji?"

Dada wa mwaka wa tatu aliitazama ndoo yake. Binti alilitazama daftari. Fundi, spana mkononi, kibao miguuni, hakuwa na pa kutazama.

"Ni mimi," alisema. "Shikamoo."

Alimwamkia shikamoo mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka miwili ikizidi sana. Hofu hiyo.

"Marahaba. Umeifungia wapi?"

Fundi akaonyesha. Mama akasogea, akaingiza kichwa nyuma ya ngazi, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika. "Koki hii tumeitafuta wiki mbili. Kwenye michoro haipo. Wewe umeipata kwa muda gani?"

"Dakika mbili," Fundi alisema. Halafu, kwa kuwa mtu ni mtu: "Moja na nusu."

Wanafunzi wanane wakaandika. Fundi akavimba kidogo kifuani, na hata koti likanyooka.

"Haya," mama alisema, "mpira wa kubadilisha ninao, na hawa wa juu sabuni itawaingia machoni. Nani amekuja kusoma maji hapa, wewe mzee au huyu binti?"

"Huyu."

"Basi mpe spana afungue."

Fundi akampa binti spana. Binti akaikamata, akaishika koki, akazungusha mara moja, ikateleza. Na kabla mtu hajapumua, spana ilikuwa imerudi mkononi mwa Fundi. Hakuna aliyemwona akiichukua. Hata yeye mwenyewe hakujiona. "Hivi, mwanangu, shika hivi," alikuwa anasema, na koki ilikuwa imeshaanza kufunguka.

Binti alibaki na mkono wake hewani, mtupu. Kisha akalifunga daftari la maswali kumi na manne, akalitia kwapani.

"Mwalimu," aliuliza, "hapa mwanafunzi akikosea, inakuwaje?"

"Muulize huyo," mama alisema, akimnyooshea kidole dada wa mwaka wa tatu.

"Mwaka jana niliifurisha stoo ya maktaba," dada alisema. "Maji mpaka magotini. Nilideki siku mbili. Nikaandika ripoti ya kurasa nne kueleza upumbavu wangu."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi iliyofuata akanipa spana ileile, bomba lilelile."

"Na mimi nikakaa pale nimeweka mikono nyuma," mama alisema. "Nimefanya kazi nyingi ngumu maishani. Ile ilizidi zote."

Binti akamgeukia baba yake. Sauti yake haikuwa ya hasira, na afadhali ingekuwa. "Baba, nimetembea na wewe miaka kumi. Mbona hujawahi kuniachia nikaze hata bomba moja?"

Fundi alifungua mdomo atoe sababu zake za siku zote, kwamba mteja ana haraka, kwamba mikono yake bado laini, kwamba kesho. Zote zilikuwa ulimini, zimepangwa. Akazitafuta, zikamkimbia.

"Kwa sababu ukishajua," alisema, "utaondoka."

Machozi yalikuwa yamemjaa binti machoni, na alikuwa anacheka. "Sasa baba, si naondoka bila kujua? Hiyo si ndiyo mbaya zaidi?"

"Ndiyo mbaya zaidi," Fundi alikubali, na kamasi zikamtoka, mtu mzima yule, ndani ya suti.

"Majiii!" walilia wa juu.

Akamrudishia spana. Akaitazama mikono yake asijue pa kuiweka, mwishowe akaikunja kwapani na kuibana. Binti alifungua koki, akatoa mpira uliokufa, akaweka mpya, akakaza. Alikaza vibaya, Fundi aliliona hilo tangu mzunguko wa kwanza, akauma ulimi mpaka ukamwuma kweli. Dada alipofungulia maji, koki ilirusha bomba zima la maji kifuani kwa Fundi, suti, tai, viatu, vyote. Fundi hakusogea wala hakusema kitu, na mimi nasema hiyo ndiyo kazi kubwa aliyowahi kuifanya.

"Nimepindisha mpira," binti alisema mwenyewe. "Fungeni tena."

Bweni zima likalia tena. Akafungua, akanyoosha mpira, akakaza upya. Maji yalirudi, wavulana wakashangilia, na koki ikakaa kimya kabisa.

"Saa ngapi?" binti alishtuka.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Fundi akasema lete fomu, lete kalamu. Fomu ilikuwa kavu kwa kuwa ilikuwa ndani ya daftari, kalamu ikawa ya mama wa mabuti, na meza ikawa mgongo wa dada wa mwaka wa tatu. Akatia sahihi kwa mkono unaochuruzika maji. Kisha wakatimua mbio kuvuka uwanja, baba anaacha dimbwi kila hatua, afisa uhusiano anawakwepa na tabasamu lake.

Karani alikuwa ameshashika pazia la dirisha. Akaipokea fomu kwa ncha za vidole, akaisoma, akainua uso, akamtazama mzee aliyelowa chapachapa.

"Mzee, umetia sahihi kwenye mstari wa mwanafunzi. Hapa unajiandikisha wewe."

Fundi alitazama. Kweli. Jina lake, sahihi yake, wino umetapakaa, mahali pa mtoto.

"Sina fomu nyingine," karani alisema, "na dakika zangu zimekwisha. Naweza kukata hapa, mwanafunzi atie yake, na mzazi atie upya chini. Lakini niambieni moja tu. Mwanafunzi ni nani?"

"Ni huyu," Fundi alisema. Akatia sahihi yake upya chini, akamshika binti yake mabega, akamsogeza mbele ya dirisha, naye akarudi nyuma hatua moja. Binti aliinama kutia sahihi. Fundi akatazama mgongo wake, akarudi nyuma hatua nyingine, maana ile ya kwanza aliona haitoshi.